Kocha Aliyemlea Hasheem Thabeet Chuoni ni Nani, na Kocha wa Chuo Anamfanyia Nini Mtoto wa Watu?

Dada mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi: "Shikamoo kocha. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 17, urefu futi 6 na inchi 9 na bado anapanda, kuna watu walimuona kwenye bonanza wanasema wanaweza kumtafutia chuo Marekani. Mimi kikapu sikijui, namjua Hasheem Thabeet tu. Naomba unieleze huyo kocha wake wa chuo alikuwa mtu wa aina gani, alifikaje pale, na kocha wa chuo anafanya nini hasa mpaka analipwa mamilioni ya dola. Na kama alikuwa mzuri hivyo mbona Hasheem NBA hakung'ara?"

Marahaba dada yangu. Umeuliza maswali manne ndani ya moja na yote ya maana, kwahiyo nivumilie kwa urefu, maana hii ishu ya kupeleka watoto nje watu wengi wanaulizia chuo, wanaulizia hela, wanaulizia viza, kocha ndo anaulizwa mwisho kabisa au haulizwi, wakati yeye ndo atakayekaa na mtoto wenu kila siku.

Kocha wa Hasheem anaitwa Jim Calhoun. Chuo ni Chuo Kikuu cha Connecticut, watu wa kikapu tunakiita UConn tu, kipo sehemu inaitwa Storrs, kijijini haswa, mashamba na ng'ombe. Hasheem alicheza pale misimu mitatu, kuanzia 2006 mpaka 2009, ila stori ya mzee mwenyewe inaanzia mbali na mimi naamini bila kuijua huwezi kuelewa kwa nini alikuwa vile.

Calhoun amezaliwa 1942, amekulia Braintree, mji uliopo jirani na Boston. Alipokuwa na miaka 15 baba yake akafariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, nyumbani amebaki mama na watoto wenzake watano. Dogo alikuwa anajua kikapu, akapata skolashipu ya chuo, akaenda, akakaa kidogo tu akarudi nyumbani kwa sababu hela hakuna na familia inamtegemea. Akawa anakata mawe ya graniti, anachonga maandishi kwenye mawe ya makaburi, akafanya yadi ya vyuma chakavu, kiwanda cha mishumaa, mpaka kuchimba makaburi kachimba. Yaani mtu aliyekuja kuwa kwenye orodha ya makocha wakubwa wa Marekani ujana wake aliutumia hivyo. Baadae akapata nafasi tena ya kusoma, American International College, hapo Springfield, Massachusetts, akamaliza 1968. Springfield ndo mji ambao kikapu kilibuniwa 1891 na ndo ilipo nyumba ya heshima ya mchezo huu, na mwaka 2005 wakamwingiza yeye humo.

Baada ya chuo alifundisha sekondari, shule tofauti tofauti, kawaida tu kama walimu wengine. Mwaka 1972 chuo cha Northeastern cha Boston kikamchukua akiwa na miaka 30. Akakaa pale miaka 14! Chuo hakikuwa na jina, kilikuwa divisheni ya pili (michezo ya vyuo kule ina ngazi tatu, ya kwanza ndo ya juu), yeye akakipandisha mpaka divisheni ya kwanza na akakipeleka kwenye mashindano makubwa ya taifa ya vyuo mara tano. Hapo ndo alimlea Reggie Lewis, kijana aliyekuja kuchezea Boston Celtics, timu ya NBA, na akafariki mazoezini 1993 kwa moyo, akiwa na miaka 27. Fikiria mtu ambaye baba yake aliondoka na moyo halafu kijana aliyemlea naye anaondoka na moyo. Leo hospitali ya Chuo Kikuu cha Connecticut ina kituo cha magonjwa ya moyo chenye jina la Calhoun na mke wake, wametoa hela zao na wamechangisha miaka na miaka. Mimi hii naiheshimu kuliko vikombe.

Haya tuje kwenye vikombe. UConn walimchukua 1986. Walikuwa kwenye ligi ya Big East, ligi ngumu mno enzi zile, kuna Georgetown, kuna Syracuse, kuna St. John's, UConn ilikuwa ya kuburuta mkia. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 9 akapoteza 19. Nimewahi kuona makocha wetu huku wanafukuzwa kwa matokeo bora kuliko hayo! Wao wakamwacha afanye kazi. 1988 akachukua kombe la NIT, lile la timu zisizoingia mashindano makubwa, na 1990 ndo nchi nzima ikashtuka, wakabeba ubingwa wa Big East, kwenye mashindano ya taifa wakakutana na Clemson, imebaki sekunde moja wako nyuma, Scott Burrell akarusha pasi ndefu kutoka mwisho wa uwanja mpaka mwisho mwingine, Tate George akaidaka akageuka akatupia, ndani, 71 kwa 70. Mechi iliyofuata wakatolewa na Duke kwa shuti la dakika ya mwisho kwenye muda wa nyongeza, 79 kwa 78. Kikapu ndo hivyo.

Kisha ikaja zamu ya kulipiza. 1999 fainali na Duke hao hao, Duke msimu mzima walikuwa wamefungwa mechi moja tu, kila mtu anasema hii imeisha, Richard Hamilton akatupia pointi 27, UConn 77 Duke 74, ubingwa wa kwanza wa taifa kwa chuo. 2004 wakachukua tena, safari hii na Emeka Okafor, mtoto wa wazazi wa Kinigeria, na mwaka huo huo timu ya wanawake ya UConn nayo ikachukua ubingwa chini ya kocha Geno Auriemma, haikuwahi kutokea kabla chuo kimoja cha divisheni ya kwanza kubeba yote mawili mwaka mmoja. Wa tatu 2011, na huu kwangu ndo mtamu kuliko yote. Timu ilimaliza ligi na ushindi 9 na vipigo 9, katikati tu huko, halafu wakaingia mashindano ya ligi wakacheza mechi tano siku tano mfululizo wakashinda zote, Kemba Walker akiwa kama kapandwa na kitu, wakaenda ya taifa wakashinda sita tena. Mzee alikuwa na miaka 68, hakuna kocha mwenye umri huo aliyekuwa amewahi kuchukua taji hilo kabla yake.

Na katikati ya hayo yote alikuwa anaumwa. 2003 walimkuta na kansa ya tezi dume, akafanyiwa upasuaji, baada ya siku 16 yuko benchi anapiga kelele. Baadae kansa ya ngozi. 2009 akaanguka na baiskeli kwenye mbio za hisani akavunjika mbavu. 2012 mgongo, kisha nyonga, hapo ndo akang'atuka UConn akiwa na ushindi 873, ukijumlisha na wa Northeastern.

Ulidhani imeisha eh? 2018 chuo kidogo cha Saint Joseph, West Hartford, kilikuwa cha wanawake, kikaanza kupokea wanaume, hakina timu, hakina mchezaji hata mmoja. Mzee wa miaka 76 akaenda kuanzisha timu kutoka sifuri, divisheni ya tatu, ambako skolashipu za michezo hazipo kabisa na hakuna televisheni inayokufuata. Msimu wa kwanza wakashinda mechi nyingi kuliko walizopoteza, wa pili wakafuzu mashindano ya taifa ya divisheni yao. Akaacha 2021. Mtu mwenye mataji matatu anaenda kufundisha watoto ambao wengine hawakutakiwa na chuo kingine chochote, hapo utajua alikuwa anapenda nini.

Sasa swali lako la kocha anafanya nini. Dada, kocha wa klabu ya kulipwa ananunua mchezaji, kocha wa chuo anapewa mtoto. Anaenda nyumbani kwa watu, anakaa kwenye kochi na mama wa mtoto, anaahidi. Enzi za Hasheem timu nzima ya wanaume ilikuwa na skolashipu 13 tu, na kila moja ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, inahuishwa kila mwaka, kwahiyo kocha alikuwa na nguvu kubwa sana juu ya maisha ya mtoto, akiamua usirudi hurudi. Mazoezi rasmi yana kikomo cha masaa 20 kwa wiki wakati wa msimu, ila hapo hujahesabu safari, mazoezi ya hiari ambayo kila mtu anajua si ya hiari, na masomo. Na kila mwaka timu inavunjika, wakubwa wanamaliza, wazuri wanaenda NBA, unaanza upya kama mwalimu wa darasa la kwanza anayepokea wengine kila Januari. Ndo maana kocha anayeweza kushinda 1999, 2004 na 2011, vizazi vitatu tofauti kabisa, sisi tulio kwenye fani tunamvulia kofia.

Kuhusu mshahara, hilo lilimletea kelele. Februari 2009, wakati Hasheem yupo kikosini na jimbo la Connecticut lina upungufu mkubwa wa bajeti, mwandishi mmoja alimuuliza mbele ya kamera mbona unalipwa dola milioni 1.6 na serikali ya jimbo na watu wana hali mbaya. Mzee akawaka, akamwambia harudishi hata senti, timu yake inaingizia chuo dola milioni 12 kwa mwaka. Mpaka gavana akasema haikupendeza. Mimi maoni yangu yako hivi, hesabu yake kwamba timu inaingiza hela ilikuwa na mantiki, ila kuna jambo linaniuma mpaka leo, waliokuwa wanaingiza hiyo hela ni Hasheem na wenzake, na wao kwa sheria za wakati ule walikuwa wanapata ada, chakula na kitanda basi. Hilo limebadilika, tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuingiza hela kupitia jina lao, ila nitakuambia hapo chini kwa nini kwa mdogo wako hilo lina mtego.

Na nisimpake mafuta mzee, alikuwa na doa. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilikuta UConn walivunja sheria za kutafuta wachezaji, simu na meseji kupita kiwango, na wakala aliyewahi kufanya kazi kwenye timu kumpa mchezaji vitu. 2011 wakamsimamisha mechi tatu na chuo kikapunguziwa skolashipu. Baya zaidi kwa mzazi ni la masomo, alama za kitaaluma za timu zilishuka mpaka chuo kikafungiwa mashindano ya taifa ya 2013, baada ya yeye kuondoka lakini kwa matokeo ya miaka yake. Kwenye programu hiyo hiyo Okafor alimaliza digrii ya fedha kwa miaka mitatu! Maana yake milango ya darasa ilikuwa wazi, ila hakuna aliyewashika wote mkono wapite.

Tuje kwa Hasheem. Kijana wa Dar, kikapu alianza akiwa kashafika miaka 15 hivi, alifiwa na baba bado yuko shule, akaenda Marekani akasoma sekondari Houston, akatua Storrs akiwa na futi 7 na inchi 3, zaidi ya mita 2.2. Calhoun alikuwa mkali, mdomo hauna breki, akikosea mchezaji anatolewa hapo hapo anafokewa mbele ya watu elfu kumi, na kwa mtoto ambaye kacheza miaka minne tu hiyo si rahisi. Ila angalia namba zinavyopanda. Mwaka wa kwanza pointi 6.2 na ribaundi (mipira anayodaka baada ya shuti kukosa) 6.4 kwa mechi, wa pili 10.5 na 7.9, angeweza kuondoka hapo kwenda NBA, akabaki, wa tatu 13.6 na 10.8, na bloku (mashuti ya wapinzani aliyoyazuia) zaidi ya nne kila mechi. Januari 2009 dhidi ya chuo cha Providence alipata pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10. Akawa mlinzi bora wa Big East mara mbili, 2008 na 2009, na mchezaji bora wa ligi 2009 kwa kugawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Timu ikafika nusu fainali ya taifa, ikafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Juni, kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili nchi nzima, mbele ya James Harden, mbele ya Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza NBA.

Kwa nini kule ikagoma? Watu wanasema uvivu, wanasema starehe, mimi nakuambia anza na sheria za mchezo. Kwenye kikapu cha vyuo mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya ringi muda anaotaka. Calhoun alijenga ulinzi wake wote juu ya hilo, miaka mingi UConn ilikuwa inaongoza nchi kwa bloku, magadi (wale wafupi wepesi wanaocheza nje) wanambana mtu mbele kwa nguvu, akipenya anakutana na mnara. NBA huwezi, ukikaa kwenye eneo la rangi, lile la chini ya ringi, sekunde tatu bila kumkaba mtu kwa karibu ni kosa, na wapinzani wanamtoa mrefu nje makusudi, wanamlazimisha akimbizane na gadi mwepesi. Hasheem alikuwa hajajifunza kukaba huko nje, na mwili bado haukuwa na nguvu, dalili tuliiona Februari 2009 Blair alipomrusha begani kama anatupa gunia wakati wanagombea mpira, Blair ambaye ni mfupi kwake kwa zaidi ya nusu futi, akaondoka na ribaundi 23. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol kwenye nafasi yake, dakika hazipo, msimu wa kwanza tu wakamshusha ligi ya chini akacheze. NBA amemaliza na wastani wa pointi 2.2.

Je kocha alimkosea? Nimelifikiria sana hili. Kazi ya Calhoun ilikuwa ashinde mechi za chuo na alimtumia mtoto pale alipokuwa bora, hilo ni haki yake, na kwa uwezo aliokuwa nao Hasheem sidhani kuna kocha mwingine angempandisha haraka vile. Lakini ndani ya miaka mitatu kulikuwa na muda wa kumfundisha kukaba mbali na ringi hata kama mechi haikuhitaji. Na hapa ndo nataka mdogo wako asikie, huku kwetu tunacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, nazo hazina hiyo sekunde tatu ya mlinzi, kwahiyo mrefu wetu yeyote anakua akiwa amesimama chini ya ringi akisubiri, anasifiwa kwa bloku, hajifunzi kukunja magoti na kuteleza pembeni. Aanze leo kukaba magadi mazoezini, atapitwa, atachekwa, aendelee tu.

Kuhusu hao watu wa bonanza. Waulize jina la chuo na divisheni. Ya kwanza na ya pili zina skolashipu za michezo, ya tatu haina, wakikuambia skolashipu ya kikapu divisheni ya tatu hapo jua kuna uongo. Omba kuongea na kocha mwenyewe kwa video, sio wakala, umuulize skolashipu ni ya mwaka mmoja au miaka yote (tangu 2012 inaruhusiwa kuwa ya miaka mingi), umuulize mtoto akiumia goti nani anatibu na skolashipu inabaki au inaondoka, umuulize wachezaji wake wangapi wamemaliza digrii, na yeye mwenyewe mkataba wake unaisha lini maana siku hizi kocha akihama timu nzima inahama naye, wachezaji nao wanaruhusiwa kubadili chuo bila kukaa nje mwaka. Hasheem aliingia kwa kocha aliyekuwa amekaa miaka 20 pale pale, utulivu huo sasa hivi ni adimu. Na hela za jina nilizokuahidi, mwanafunzi wa viza ya masomo haruhusiwi kufanya kazi hovyo, kwahiyo dili analosaini mwenzake Mmarekani yeye linaweza kumharibia viza, asisaini chochote mpaka ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo imeangalia.

Vyeti vya kidato cha nne na matokeo yote tunzeni vizuri, NCAA wanakagua masomo tangu sekondari na wanaangalia pia amemaliza lini, akikaa mtaani muda mrefu bila kujiunga chuo anaweza kupunguziwa misimu ya kucheza. Kiingereza aanze sasa, kuandika hasa, maana mtihani upo. Ukipata jina la chuo niandikie, nitaangalia kocha ni nani na warefu aliowahi kuwa nao aliwafanyaje, kisha tuongee kabla hamjampa mtu hata shilingi.